Breka za Umeme Nyumbani: Ipi Inalinda Waya, Ipi Inalinda Mtu

Maswali haya hurudi kila mara: mtu anapojenga, anapohamia nyumba ya kupanga, au siku friji linapoanza kupiga shoti. Majibu yanahusu nyumba ya kawaida ya Tanzania, yenye umeme wa volti 230, mita ya LUKU, meinswichi ukutani na fimbo ya eathi iliyochimbiwa nje. Msomaji wa Kenya au Uganda ataona mambo yanafanana sana na ya kwake.

Nina breka sita kwenye meinswichi. Bado naweza kupigwa shoti?

Ndiyo, na unaweza kufa huku breka zote sita zikiwa zimewaka. Hili natamani kila mwenye nyumba alijue kabla hajanunua hata mita moja ya waya. Breka ndogo za kawaida, zile zilizoandikwa C10, C20 au C32, kazi yake ni kulinda waya usiungue. Hazina namna ya kujua kwamba kuna mtu ameshika waya.

Piga hesabu uone. Mtu aliyesimama peku kwenye sakafu yenye maji akigusa waya wa moto, mwili wake unaweza kupitisha umeme wa miliampea 150 hivi. Kiasi hicho kinatosha kuvuruga mapigo ya moyo kwa muda mfupi sana. Breka ya ampea 20 imewekewa kiwango kinachozidi hicho zaidi ya mara 100. Kwa breka hiyo, mtu anayekufa ni mzigo mdogo kuliko pasi.

Kifaa kinachomlinda mtu ni RCCB. Nyumba nyingi hazina, na nyingine zinayo lakini ilishaunganishwa kando, umeme haupiti ndani yake, kwa sababu "ilikuwa inasumbua".

MCB, RCCB na RCBO zinatofautianaje?

MCB ndiyo breka ya kawaida. Inakata umeme ukizidi kiasi, au waya wa moto ukigusana na nyutro. RCCB inakata umeme unapovuja, yaani unapotoka kwenye njia yake na kupita kwenye mwili wa mtu, bodi la friji au ukuta wenye unyevu. RCCB peke yake haijali umeme ukizidi, kwa hiyo lazima iwe na MCB pamoja nayo. RCBO ni hizo mbili ndani ya kifaa kimoja.

Mafundi wa zamani huiita RCCB kwa jina la ELCB. ELCB halisi za zamani zilifanya kazi kwa kupima volti kwenye waya wa eathi, na siku hizi hazifungwi tena. Ukimwambia muuza duka unataka ELCB atakupa RCCB, lakini hakikisha mwenyewe imeandikwa 30 mA au 0.03 A. Zipo za miliampea 100 na 300 pia. Hizo husaidia kuzuia moto, ila kwa kumwokoa mtu zimechelewa.

Maandishi yaliyo usoni mwa breka yana maana gani?

Fungua mlango wa plastiki wa meinswichi, chukua tochi, usome. Hakuna haja ya kufungua skrubu yoyote.

C20: namba ni ampea ambazo breka inaweza kubeba muda wote bila kukata. Herufi inaonyesha inavyopokea mshtuko wa ghafla. B inakata papo hapo umeme ukifika mara 3 hadi 5 ya namba yake, C mara 5 hadi 10, D mara 10 hadi 20. Nyumbani B au C inatosha. D ni ya mashine zinazovuta umeme mwingi zinapoanza, kama mashine ya kuchomelea, na haifai kwa soketi za sebuleni.

6000 ndani ya kisanduku: ampea za juu kabisa ambazo breka inaweza kuzikata bila yenyewe kupasuka. Zipo za 3000 na 4500 pia. Kama nyumba iko karibu na transfoma, usishuke chini ya 6000.

IEC 60898 ni kiwango cha kimataifa cha MCB za majumbani. Kwa RCCB tafuta IEC 61008, na kwa RCBO tafuta IEC 61009.

Kwenye RCCB utaona namba mbili, kwa mfano 40 A na 0.03 A, na kitufe chenye herufi T. Watu wengi huitazama ile 40 na kudhani itakata umeme ukizidi ampea 40. Haikati. 40 ni kiasi inachoweza kubeba. Kinachokulinda ni hicho cha 0.03.

Breka ya kawaida inajuaje kuwa kuna tatizo?

Ndani yake mna vitu viwili. Cha kwanza ni kibati cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Kikipata joto kinapinda taratibu, na kikipinda vya kutosha kinafyatua breka. Hiki hushughulika na mzigo uliozidi, kama vile pasi, birika na jiko la umeme kwenye ekstensheni moja. Cha pili ni koili ya sumaku. Waya wa moto ukigusana na nyutro, umeme unapanda kwa mamia ya ampea, sumaku inavuta, na breka inakata kabla hujakopesa.

Hicho kibati hakina haraka, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kwa kiwango cha IEC, breka ya ampea 20 ikibebeshwa ampea 22 inaweza isikate kabisa. Ikibebeshwa 29 inapaswa kukata, lakini imepewa hadi saa nzima. Kwa hiyo "breka haijakata" si ushahidi kwamba waya wako haupati joto.

Breka inakata kata. Fundi anasema aweke kubwa zaidi. Nimkubalie?

Usimkubalie mpaka akuonyeshe ukubwa wa waya. Breka huchaguliwa kwa kufuata waya. Waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa, breka ya ampea 6 au 10. Waya wa 2.5 ni wa soketi, breka ya 16 au 20. Jiko la umeme na hita kubwa hutaka waya wa 4 au 6, na breka ya 32.

Breka ya 32 kwenye soketi za waya wa 2.5 inaruhusiwa pale tu waya unapozunguka soketi zote na kurudi kwenye breka ile ile, kwa maana umeme unafika kila soketi kwa njia mbili. Kama waya unaishia kwenye soketi ya mwisho, hiyo 32 ni hatari. Waya utachemka ndani ya bomba la plastiki ukutani, ganda lake litalainika, na breka itabaki imetulia. Siku moja moshi unatoka darini, na watu wanaambiwa chanzo ni "hitilafu ya umeme".

Breka inayokata kata inakupa taarifa. Hesabu vifaa vilivyo kwenye mstari huo: wati gawanya kwa 230 upate ampea. Birika la wati 2000 ni karibu ampea 9. Pasi ya 1000 ni ampea 4 na kitu. Mara nyingi dawa ni kuongeza mstari mpya wa soketi jikoni wenye waya wake na breka yake. Ni kazi ya siku moja kwa fundi mzuri.

RCCB inatambuaje umeme unaovuja?

Waya wa moto na nyutro hupita pamoja ndani ya pete ya chuma. Mambo yakiwa sawa, umeme unaokwenda ni sawasawa na unaorudi, kama mizani iliyotulia. Umeme ukipata njia nyingine ya kurudi, tuseme kupitia mkono wa mtoto hadi sakafuni, nyutro inarudisha pungufu. Tofauti hiyo inaamsha koili ndogo kwenye pete, nayo inafyatua.

Ya miliampea 30 inatakiwa kukata ndani ya milisekunde 300 uvujaji ukifika 30, na ndani ya milisekunde 40 ukifika 150. Hata hivyo haipunguzi ukali wa umeme wenyewe. Utarushwa na utaumia. Inachokufanyia ni kufupisha muda, na kwa moyo wa binadamu muda ndio kila kitu.

Nyumba yangu ina eathi nzuri. RCCB ya nini tena?

Hapa naomba usome pole pole, kwa sababu hata baadhi ya mafundi hupakosea.

Imani iliyoenea ni kwamba waya wa moto ukigusa bodi la friji, umeme utakimbilia eathi, utakuwa mwingi, na breka itakata. Ingekuwa kweli kama eathi ingekuwa njia nyepesi. Lakini eathi ya nyumba nyingi ni fimbo moja iliyozamishwa kwenye mchanga au udongo mkavu, na udongo una ukinzani wake. Tuseme fimbo yako ina ukinzani wa omu 50. Volti 230 gawanya kwa 50 ni ampea 4.6. Breka ya ampea 20 inaona ampea 4.6 na kuridhika kabisa. Haitakata leo, haitakata kesho. Bodi la friji linabaki na umeme mchana na usiku, likimngoja mtu mwenye miguu iliyolowa.

Kuna dalili ambayo watu hawaihusishi na hatari hiyo. Ampea 4.6 kwa volti 230 ni zaidi ya wati 1000. Hiyo ni yuniti moja ya LUKU kila saa, inayomwagika ardhini. Kaya inalalamika umeme unaisha haraka, inadhani mita ni mbovu, kumbe ukuta au kifaa kinavuja tangu mwezi uliopita.

RCCB ya miliampea 30 ingekata kosa hilo dakika lilipotokea, kwa kuwa 4.6 ni zaidi ya mara 150 ya kile inachohitaji. Hata fimbo yenye omu mia kadhaa ingetosha kuifyatua. Ndiyo maana kwenye udongo mgumu kupitisha umeme, kama mchanga wa pwani au ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi, fimbo ya eathi bila RCCB ni nusu ya kinga. Ukanda wa pwani una tatizo jingine: kishikizo cha juu ya fimbo hupata kutu ya chumvi mpaka waya unaachia. Kafukue uangalie. Wengine hugundua waya wa eathi ulishakatwa na jembe siku nyingi.

Na kama nyumba haina eathi kabisa?

RCCB bado inafanya kazi, kwani inapima moto na nyutro tu. Tofauti ni kwamba bila eathi, umeme wa kwanza kuvuja utapita kwa mtu wa kwanza kugusa. Kukiwa na eathi, RCCB inakata kabla mtu hajagusa. Kwa hiyo usingoje eathi ndipo ufunge RCCB, na ukishafunga RCCB usiache kuweka eathi.

Kile kitufe cha T ni cha nini?

Kinatengeneza uvujaji wa makusudi ndani ya kifaa. Bonyeza, RCCB ikate papo hapo. Isipokata ilhali umeme upo, ibadilishwe. Fanya hivyo kila baada ya miezi michache, kwa sababu sehemu zinazotembea ndani hugandamana zikikaa sana, hasa kwenye vumbi na hewa ya chumvi. Kitufe hicho hakipimi eathi. Ubora wa eathi hupimwa kwa mashine ya fundi.

RCCB inakata usiku, au mvua ikinyesha. Nitajuaje chanzo?

Usimruhusu mtu aiunganishe kando. Fuata njia hii.

Shusha MCB zote, halafu pandisha RCCB. Ikishika, pandisha MCB moja moja. Itakayoiangusha ndiyo yenye mstari mbovu. Ishushe hiyo, pandisha nyingine zote, kisha chomoa kila plagi ya mstari huo na ujaribu tena. Ikishika, chomeka kifaa kimoja kimoja. Wahusika wa kila siku ni pasi ya zamani, birika linalovuja maji chini, friji lenye hita ya kuyeyushia barafu, pampu ya kisima na taa za nje zilizoingiwa na maji.

Ikikata hata MCB zote zikiwa chini, usidhani imekufa. MCB ya kawaida hukata waya wa moto tu, nyutro inabaki imeungwa. Nyutro ikigusana na eathi mahali fulani, RCCB inaweza kukata hata breka zikiwa zimeshushwa. Hapo unahitaji fundi mwenye kipimo cha insulesheni, na si testa ya bisibisi.

Vilevile nyumba yenye kompyuta na vifaa vingi vya elektroniki huvuja kidogo kidogo kwa kawaida yake, na vikijumlishwa vinakaribia 30. Hapo gawa nyumba kwa RCCB mbili, au tumia RCBO kwa kila mstari. Friji la samaki la biashara napenda kulipa RCBO yake peke yake, ili pasi ya chumbani isiozeshe mzigo wa mtu aliyesafiri.

Ni wakati gani RCCB haiwezi kuniokoa?

Ukishika moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine huku umesimama pakavu. Umeme unaokwenda kwako ni sawa na unaorudi, na RCCB inakuona kama balbu. Pia haiwezi kukukinga na chochote kilicho kabla yake: waya wa kutoka nguzoni, mita, na kituo cha kuingilia cha meinswichi.

Hita ya kuoga ya papo kwa papo inahitaji nini?

Inahitaji heshima kubwa kuliko kifaa kingine chochote ndani ya nyumba, maana unasimama chini yake umelowa, bila nguo, mkono kwenye bomba. Hita ya wati 5500 huvuta karibu ampea 24. Kuichomeka kwenye mstari wa soketi ni kosa. Iwe na waya wake wa milimita 4 au 6 moja kwa moja kutoka meinswichi, swichi inayokata moto na nyutro iliyo nje ya sehemu ya maji, eathi iliyofika kwenye hita yenyewe, na RCCB au RCBO ya miliampea 30. Fundi anayekata waya wa kijani wa eathi ili "isiwe inakata" anaondoa kinga muhimu. Ukihisi bomba linatekenya mkono, zima breka yake siku hiyo hiyo na uoge kwa ndoo mpaka ishughulikiwe.

Breka hizi zinalinda TV na friji umeme unaporudi kwa nguvu?

Hazilindi. MCB hupima ampea, RCCB hupima tofauti. Hakuna inayopima volti. Kwa friji tumia gadi inayokata volti zikishuka au kupanda, na inayochelewesha umeme dakika kadhaa kabla ya kuuwasha ili kompresa isiumie.

Lililo baya zaidi ni nyutro ya mtaani kukatika. Kwenye laini ya fezi tatu, nyumba moja inaweza kupokea volti zinazokaribia 400 huku ya jirani taa zikififia. Ukiona taa zinang'aa kupita kawaida ghafla, zima meinswichi mara moja kisha upige simu kwa shirika la umeme. Kipo kifaa cha kupachika ndani ya meinswichi kinachokata volti zikizidi. Kwa maeneo yenye laini chakavu, ningekinunua kabla ya TV kubwa.

Soketi imebadilika rangi na kunuka, lakini hakuna breka iliyokata. Kwa nini?

Kwa sababu skrubu iliyolegea haiongezi umeme wala haiuvujishi. Inatoa cheche na joto papo hapo ilipo. Kuna breka maalumu zinazosikiliza cheche za namna hiyo. Marekani kanuni zake za umeme zilianza kuzidai kwa vyumba vya kulala mwaka 2002. Kwetu ni nadra kuzikuta. Kinga yetu ni pua na macho: soketi yenye moto, yenye kuunguruma au yenye doa la kahawia ibadilishwe, na mwisho wa waya ulioungua ukatwe mpaka shaba safi. Kubadilisha plagi peke yake hakusaidii.

Mimi ni mpangaji. Naanzia wapi?

Soma meinswichi kwa tochi kama ilivyoelezwa juu, piga picha. Kama hakuna kifaa chenye kitufe cha T, mwombe mwenye nyumba kwa adabu na umwonyeshe picha. Nyumba ya vyumba vingi vinavyochangia LUKU moja ina hatari kwa wote: pasi mbovu ya chumba cha nyuma inaweza kutia umeme kwenye bati na kamba ya kuanikia nguo ya uani. Mkichangishana wapangaji wote, RCCB moja ya nyumba nzima haimwelemei mtu.

Naweza kubadilisha breka mwenyewe?

Kupandisha, kushusha na kubonyeza T, ndiyo. Kufungua kifuniko, hapana. Ukizima swichi kuu ya meinswichi, skrubu za upande wa kuingilia bado zina volti 230, na hakuna chochote ndani ya nyumba kinachoweza kuzikata. Lakiri za mita ni za shirika la umeme, usiziguse. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, au EPRA ukiwa Kenya, umwombe akuonyeshe. Akimaliza, kabla hujamlipa, mwambie abonyeze kitufe cha T mbele yako, kisha apime eathi na akuandikie namba ya omu kwenye karatasi mtakayoibandika ndani ya mlango wa meinswichi.